Bwana Ralf na Mawe ya Babu Habbo

Osterwarf, 3 Machi

Kwa Gesche Eilers
Lerchengasse 9, jengo la nyuma
Leipzig

Shangazi Gesche,

Babu anasema tangu karakana yake ya kuchonga mawe ilipouzwa hupokei simu wala hujibu ujumbe, lakini barua ya karatasi huwezi kuitupa bila kuisoma, kwa kuwa ulilelewa katika nyumba iliyoheshimu karatasi. Kwa hiyo nimechukua kalamu.

Mimi ni Tomma, binti wa kaka yako Menno. Uliponiona mara ya mwisho nilikuwa na miaka kumi na miwili na vyuma mdomoni. Sasa nina kumi na sita, na meno yamenyooka.

Nina habari mbili. Ya kwanza ni kwamba baba yenu, Babu Habbo, aliteleza kwenye barafu mwezi Januari akavunjika nyonga. Yuko katika nyumba ya wazee mjini Norden. Hajambo, ila chai inamchukiza. Wanampa ya mifuko. Anasema ni maji waliyooshea brashi za rangi, halafu wanayaleta na tabasamu.

Ya pili ni tovuti yake ya mawe ya makaburi. Sasa amefikisha mawe elfu nne mia mbili na kumi na moja, ya Osterwarf na vijiji sita, kila moja na picha, majina na tarehe. Unajua mwenyewe kwamba mkataba wa kaburi ukiisha jiwe huondolewa, na mengi yameshasagwa kuwa kokoto za njia. Bibi wa mtu fulani aliyehamia Iowa, Marekani, hana tena jiwe popote duniani isipokuwa kwenye tovuti ya Babu.

Kampuni iliyokuwa ikiitunza tovuti inafunga kazi tarehe 31 Mei. Lazima nihamishe vitu viwili: mafaili yaende kwenye seva ya kampuni nyingine, na jina la tovuti likaandikishwe kwa msajili mwingine. Mafaili nina nakala yake. Jina ndilo linalonitia hofu. Likikaa siku moja tu bila mwenyewe, kuna watu ambao kazi yao ni kusubiri majina yaliyoachwa na kuyadaka. Lilidakwa jina la kwaya ya kijiji jirani. Ukifungua anuani yao leo unaona wanawake, lakini hawaimbi. Jina la Babu limechapwa kwenye vitabu vya ukoo vya watu wasiohesabika, na wote wangepelekwa hapo.

Baba anasema tuiache ife. Babu aliniita kitandani akasema, "Tomma, wewe unaandika vizuri na huna haraka. Ichukue wewe." Sijawahi kukabidhiwa kitu kikubwa hivyo.

Nimetafuta kampuni kwa wiki mbili, na sasa nina kichefuchefu. Kila mlango umeandikwa BURE, kisha chini kuna herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mahali pamoja palikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma, eti punguzo linakwisha baada ya dakika kumi na nne. Nilikaa nikaisubiri. Ilipofika sifuri ikaanza upya. Nilijisikia kama mtu aliyeshikwa mkono na kiganja chenye jasho.

Katika uchafu wote huo nimempata mtu mmoja safi. Anaitwa Ralf Tenbrink. Amelinganisha kampuni kumi na mbili kwa ajili ya watu wenye tovuti ndogo za binafsi, na anasema alilipia kila moja kwa pesa zake na kuijaribu kwa miaka miwili. Ana uso mpole na watoto wawili. Namba moja kwake ni kampuni ya Flinkheim. Baba anasema wewe unaandika mambo ya mtandao huko Leipzig. Tafadhali msome Bwana Ralf, uniambie kama nimwamini.

Nakutakia afya njema.

Tomma Eilers


Leipzig, 9 Machi

Tomma,

Barua yako niliisoma nikiwa bado kwenye ngazi, koti mwilini, mfuko wa viazi miguuni. Babu yako ananijua. Mwambie hivyo, asizidishe kujivuna.

Sasa sikiliza. Usinunue kwa orodha ya mtu yeyote. Huyo Ralf simjui. Watu wa orodha ni wengi kama inzi wa Agosti, na wote wana uso mpole.

Fanya hivi. Jina liandikishe mahali pamoja na mafaili yaweke mahali pengine, ili mmoja akikukosea asikushike pande zote mbili. Hakikisha mwenye jina anaandikwa kuwa ni Babu, kwa herufi zake zote, wala si kampuni. Uliza bei ya mwaka wa pili, kwa sababu ya mwaka wa kwanza ni chambo. Soma kila kisanduku kilichokwisha kutiwa alama kabla hujafika. Na kabla ya kulipa, piga simu uulize swali moja la kijinga. Wanavyokujibu kabla hawajapata pesa yako ndiyo adabu yao ya juu kabisa, baada ya hapo inateremka.

Unauliza kazi yangu. Naandika. Kampuni zinataka maneno, mimi nina maneno. Si kazi ya kumsimulia mtu mezani.

Nimeweka pakiti ya chai ya majani ndani ya bahasha. Mpelekee Babu, na sukari ya mawe, na uwaambie wauguzi maji yachemke kweli. Menno si lazima ajue imetoka wapi.

Usiharakishe.

Gesche


Osterwarf, 24 Machi

Shangazi Gesche,

Asante kwa chai. Babu alikunywa vikombe vitatu, kisha akamwambia muuguzi, "Umeona? Hii ndiyo chai. Ile yenu ni ugonjwa."

Nilipiga simu kama ulivyonielekeza. Flinkheim alipokea kijana. Nikamuuliza, "Mwaka wa pili bei ni ngapi?"

"Mwaka wa kwanza ni bure kabisa, dada."

"Nimesikia. Nauliza wa pili."

"Wateja wetu huwa hawaulizi hilo."

"Basi mimi ni wa kwanza. Andika."

Akaniwekea muziki. Nilisikiliza muziki kwa dakika kumi na moja.

Kampuni ndogo ya mji wa Emden alipokea mama mmoja aliyekuwa akitafuna. "Ngoja nimeze," akasema. "Haya, sema." Nikamuuliza kama naweza kuondoka na jina la tovuti wakati wowote. "Mwanangu, jina ni lako. Ukitaka kwenda nakupa msimbo wa kuhamia siku hiyo hiyo, na sikulilii." Nilimpenda. Lakini tovuti yao wenyewe ni ya kijivu, imekaa kama fomu ya kodi ya kufuga mbwa, na Bwana Ralf hajawataja hata mara moja.

Shangazi, nisamehe kwa nitakaloandika. Wewe uliniambia nisimwamini mtu wa orodha, lakini hukunipa sababu. Bwana Ralf ametoa sababu kurasa tatu. Anasema simu ya Flinkheim huchelewa kwa sababu wanawahudumia watu kwa makini, na kwamba familia yake mwenyewe imeweka huko picha za marehemu mama yake. Niliposoma hapo nilisimama. Nikamwona ni mtu anayejua tovuti ya Babu ni kitu gani.

Kwa hiyo juzi Jumapili nilijiandikisha Flinkheim, jina na mafaili pamoja, kwa miaka miwili. Nilijaza kila kitu kwa ukweli. Nimetumia akiba yangu, pesa nilizotunzwa siku ya kipaimara. Baba sijamwambia. Visanduku nilivisoma, isipokuwa viwili vya mwisho, kwa sababu saa ilikuwa ikihesabu.

Kesho naondoka na darasa langu kwenda milima ya Harz, kisha likizo yote ya Pasaka nitakuwa kwa mama yangu Kassel. Nikirudi nitakuandikia jinsi tovuti inavyopendeza.

Wako mwenye furaha,
Tomma


[Kadi ya posta, picha ya kituo cha treni cha Leipzig]

27 Machi

Tomma. Vunja mkataba leo. Una siku kumi na nne tangu siku uliyonunua, huhitaji kueleza kwa nini. Andika mstari mmoja tu: nimeghairi. Usiniulize sababu, fanya.

G.


Osterwarf, 19 Aprili

Kwa Bwana Ralf Tenbrink
Lerchengasse 9, jengo la nyuma
Leipzig

Bwana Tenbrink,

Nakuandikia kukueleza matokeo ya ushauri wako, kwa kuwa unasema unapenda kusikia kutoka kwa wasomaji.

Nilirudi nyumbani tarehe 11. Mezani palikuwa na kadi ya shangazi yangu ikinihimiza nighairi. Siku kumi na nne zilikuwa zimepita kwa siku sita. Palikuwa pia na barua pepe ya mama mmoja wa Iowa, Darlene Rademacher. Alikuwa amefungua ukurasa wa jiwe la Antje Rademacher, aliyekufa akijifungua mwaka 1891. Chini ya jina la Antje kulikuwa na tangazo la vidonge vya kupunguza tumbo, na picha ya tumbo. Mama Darlene aliuliza kwa upole kama nimefanya hivyo kwa makusudi.

Nikafungua kurasa zote. Nilikaa hadi macho yakauma. Mashine za kamari, mikopo ya siku moja, wanawake wapweke wa mtaani kwako. Kumbe kisanduku kimoja kati ya vile viwili kilisema nakubali matangazo ya washirika. Cha pili kilisema kwamba, ili kulinda faragha yangu, mwenye jina la tovuti ataandikwa kampuni dada ya Flinkheim. Babu si mwenye jina tena. Kwa miaka ishirini na mmoja lilikuwa lake, nami nimelitoa mkononi mwake kwa kubonyeza mara moja.

Nilitaka kumficha, nikashindwa. Nilimpelekea kompyuta nyumba ya wazee, kwa sababu aliuliza, "Mbona huleti? Umeivunja?" Akataka kuanza na jiwe la mke wake, Nyanya Theda, alilolichonga kwa mikono yake. Chini ya jiwe la Nyanya kulikuwa na tangazo la dawa ya kuvu. Picha yake ni ukucha wa dole gumba la mguu, wa njano, umepasuka, mkubwa kama kiganja changu, na kila baada ya sekunde tatu ukucha unanyanyuka kuonyesha kilicho chini yake.

Babu aliutazama unyanyuke mara nne au tano. Kisha akasema, "Theda alikuwa na miguu mizuri." Akailaza kompyuta kifudifudi mezani, penye makombo.

Akauliza, "Nani alikutuma huko?"

"Bwana Ralf Tenbrink."

"Nionyeshe."

Nikamfungulia ukurasa wako. Hakusoma sifa hata moja. Alisukuma kwa kidole mpaka chini kabisa, kwenye ile anuani ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye tovuti aiandike. "Fundi wa jiwe huandika jina lake chini, nyuma ya nyasi," akasema. "Huko ndiko utajua umedanganywa na nani." Akavaa miwani. Akasoma. Akavua miwani.

"Umeshasoma hapa?"

"Hapana, Babu."

"Soma."

Pameandikwa Ofisi ya Maandishi Tenbrink, Lerchengasse 9, jengo la nyuma, Leipzig. Anuani hiyo nimeiandika kwa mkono wangu mara mbili juu ya bahasha, na hii ni ya tatu.

Babu akaomba nimwite muuguzi amrudishe chumbani. Hakutaka niandamane naye.

Bwana Tenbrink, nimejaribu kutafuta neno zuri la kufungia barua hii, kama nilivyofundishwa shuleni. Kila ninaloliandika naliona lina mafuta mafuta.

T. Eilers


Leipzig, 23 Aprili

Tomma,

Ralf hayupo. Nilimtengeneza Novemba moja nikiwa na mafua na kodi ya nyumba. Uso nilimnunulia kwa muuza picha. Huenda mwenye uso ni daktari wa meno huko Ureno na hajui lolote. Watoto wake ni wa kubuni. Kile kifungu cha picha za marehemu mama yake nilikiandika Jumatano mchana, kwa sababu Flinkheim waliomba kitu cha kugusa moyo, na kwa kuwa sikuwa na moyo wa mtu mwingine nikatumia wa kwangu.

Sijawahi kujaribu hata kampuni moja. Orodha inapangwa na anayelipa zaidi kwa kila mteja ninayempelekea. Wakati fulani Flinkheim walipunguza malipo, nikawateremsha mpaka namba nne. Walipoongeza, ubora wao ulirudi Jumanne saa tatu asubuhi. Nimelipwa kwa ajili yako pia. Nilijua ni wewe: Jumapili ile ni mtu mmoja tu aliyeingia kutoka upande wenu.

Ulipouliza kuhusu Ralf nilikuandikia kwamba simjui. Nilikaa na kalamu nusu saa nikitafuta uongo ambao ungekuwa kweli ukiushika kwa upande mmoja. Nimefanya kazi hiyo miaka minne, nimekuwa hodari. Ningekuandikia sentensi moja ya kweli, ungeenda kwa yule mama anayetafuna.

Nilifungua ukurasa wa Mama. Nikaona ukucha. Nilikimbilia bafuni, na sisemi hivyo kupamba. Nilitapika, nikanawa, nikarudi, na bado ulikuwa unanyanyuka.

Sitaki unisamehe kwa barua. Nataka ufanye yafuatayo.

Uliandika kwamba ulijaza kila kitu kwa ukweli. Kama uliandika tarehe yako halisi ya kuzaliwa, basi wameingia mkataba wa miaka miwili na mtoto wa miaka kumi na sita bila mzazi wake kukubali. Mkataba huo haujawahi kusimama. Siku kumi na nne hazina kazi hapa. Mzazi akiandika kwamba hakubali, kila kitu kinarudi nyuma kana kwamba hukununua. Kama ungedanganya umri kama wanavyofanya wote, wangekuwa wamekushika.

Lakini anayetakiwa kuandika ni Menno. Utalazimika kumwambia, na kumwambia kuhusu mimi pia. Usinipunguzie.

Gesche


Osterwarf, 5 Mei

Shangazi,

Nimerudia kukuita hivyo kwa sababu ndivyo ulivyo, si kwa sababu hasira imeisha.

Nilimwambia Baba mezani, tukila viazi na mboga ya asparaga. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Yule Ralf ana ndevu?"

"Kidogo."

"Huyo ni Gesche kabisa. Alipokuwa na miaka saba alikuwa akiwaandikia wanasesere wake barua za kusifiana. Kila mmoja alikuwa na mume daktari." Akacheka, akacheka sana, halafu akaacha ghafla na kusukuma sahani. "Nionyeshe ukurasa wa Mama."

Nikamwonyesha. Shangazi, unajua Baba amesema miaka yote kwamba makaburi yaliyokwisha mkataba yameisha, na kwamba Babu anapoteza umri wake. Aliutazama ule ukucha kama mtu aliyekuta kinyesi juu ya meza ya chakula. Hakumaliza kula. Alikwenda kuchukua karatasi, akaandika mstari mmoja: mimi, baba mzazi wa Tomma Eilers, sikubali na sikuwahi kukubali. Akatia saini nakala tatu, akazipeleka posta mwenyewe kwa baiskeli huku mvua inanyesha.

Leo wamejibu. Nimeisoma barua yao mara nyingi, na kila nikiisoma natamani kunawa. Wanaanza kwa "Familia mpendwa ya Flinkheim". Wanakiri kwamba mkataba haupo na watarudisha akiba yangu. Kisha wanasema, kwa kuwa mkataba haupo, hawana wajibu wowote kuhusu jina la tovuti. Hawatatupa msimbo wa kulihamisha. Watalifuta tarehe 31 Mei, na kuanzia hapo "liko huru kwa kila mtu".

Unajua maana yake. Wale wanaosubiri wana mashine, wanadaka jina ndani ya sekunde moja. Mimi nina kompyuta ya shule. Babu ananiuliza kila siku, "Limerudi?" nami nasema bado. Ameacha kunywa vikombe vitatu, anakunywa kimoja. Jana aliniambia niifute tovuti yote mimi mwenyewe, mapema, ili watu wasimkute Theda mahali pale.

Sijafuta. Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye unayewajua watu hao kwa ndani. Je, kuna kitu kinachowaogopesha?

Tomma


Leipzig, 14 Mei
(kwa posta ya rejista)

Tomma,

Kipo. Wanaogopa kusomwa.

Nimetunza barua zao zote za miaka minne: sema hivi, ficha bei ile, usitaje ada ya kuondoka, mtie yule mtu huzuni kidogo. Ijumaa niliwaandikia kwamba wasipotoa msimbo hadi Jumatano nitaziweka zote kwenye ukurasa wa Ralf, kwa jina langu. Bwana mmoja wao, ambaye kwa miaka minne ameniita "Gesche wetu", alinipigia simu. "Unajua unakata tawi ulilokalia?" Nikamwambia tawi lenyewe linanuka. Akasema nifikirie kodi ya nyumba. Nikasema nimeifikiria kila mwezi, ndiyo maana tumefika hapa.

Msimbo uliletwa Jumanne saa tano. Nimeuandika kwenye karatasi ya pili kwa herufi kubwa, nimeuhakiki mara tatu. Usiutume kwa simu. Mpelekee mama wa Emden leo hii, umsimamie mpaka uone jina limeingia.

Barua zao nimeziweka hadharani hata hivyo. Sikuwaahidi kwamba nitazificha, niliwaambia tu nini kitatokea wasipotoa; wao wenyewe wakadhani kwamba wakitoa nitazificha. Ralf nimemfuta, uso, watoto na vyote. Mahali pake kuna maneno machache yasemayo kwamba mimi Gesche Eilers niliandika orodha ile, sikujaribu kitu, na nililipwa. Ni maandishi mabaya. Sijazoea.

Malipo niliyopata kwa ajili yako nimewapa wanaotunza makaburi ya hapa. Usinishukuru, nilikuwa nikiyaona kwenye akaunti kama nywele ndani ya supu.

G.


Osterwarf, 30 Mei

Shangazi Gesche,

Nilienda Emden kwa treni nikiwa na karatasi yako ndani ya kitabu cha hisabati. Yule mama anaitwa Bi. Frauke, na siku hiyo pia alikuwa akitafuna. Ofisi yake inanuka vumbi na mkate wa samaki. Alisoma msimbo, akaandika, akabonyeza, akasema, "Sasa tungoje." Tukangoja. Sikutaka kukaa. Akasema, "Kaa, mwanangu, jina haliji haraka zaidi ukisimama." Liliingia kabla kahawa yake haijapoa.

Akauliza, "Mwenye jina niandike nani?" Nikasema Habbo Eilers. Alinisomea herufi moja moja, na mimi nikazihakiki moja moja.

Tovuti imefunguka. Ni ya kijivu kidogo, haina kinachonyanyuka. Nilimwandikia Mama Darlene. Amejibu kwamba alikaa na Antje asubuhi nzima.

Nilipompelekea Babu alifungua ukurasa wa Nyanya, akasukuma mpaka chini, akarudi juu, akasukuma tena mpaka chini. Alifanya hivyo mara nyingi, kama mtu anayepapasa meza baada ya kuifuta. Kisha akaagiza chai.

Nikamwambia wewe ndiye uliyelipata jina. Akasema, "Na ndiye aliyelipoteza." Nikasema mimi ndiye niliyebonyeza. Akasema hilo analijua pia, tusigombanie. Akanywa. Kikombe cha pili akauliza unaishije sasa, bila ile kazi. Nikasema sijui. Kikombe cha tatu alipokiweka chini akasema mambo mawili, nami nayaandika kama alivyoyasema ili nisiongeze sukari.

La kwanza: "Alichofanya kinanichukiza. Mwambie. Kitanichukiza na kesho."

La pili: mwezi Julai kanisa litaondoa safu ya mawe kando ya ukuta wa kaskazini, mawe thelathini na nane, na mengine maandishi yake yameliwa na ukungu hayasomeki kwa picha. Lazima mtu apige magoti ayapapase kwa vidole, na mwingine aandike. Nyonga yake haitaki. Baba anasema anaweza kusugua ukungu lakini hasomi herufi za kale. Babu akasema, "Gesche anazisoma. Nilimfundisha mwenyewe kabla hajajua za shule."

Mimi sijakusamehe. Nimejaribu mara mbili na imeshindikana. Kila nikikaribia namwona Ralf akitabasamu. Lakini mwandiko wangu unasomeka, na nina madaftari mawili mapya. Treni ya kutoka Leipzig inafika Norden saa tisa na dakika ishirini alasiri, ukibadilisha Hannover. Niambie siku. Nitakuja kituoni na baiskeli mbili, na ukitaka, tunaweza kufika makaburini bila kuongea.

Tomma